Shokapu yenye akili inahitaji nafasi ya kufanya kazi

Mwenye saluni yenye nguvu, iwe BMW M3, Subaru WRX STI, Mercedes-Benz C63 au Toyota Mark X ya lita 3.5, akitaka kuboresha suspensheni ya gari lake siku hizi anakutana na bidhaa ambayo zamani ilitoka kiwandani tu: shokapu zinazobadili ugumu wake zenyewe gari likiwa mwendoni. KW ya Ujerumani inauza seti zinazoitwa DDC, Bilstein ina DampTronic, na Tein ya Japani ina mtambo wa EDFC unaofungwa juu ya shokapu zake. Wote wanaahidi jambo moja, kwamba gari litakuwa laini kwenye barabara mbovu na litakaza likiingia kona. Ahadi hiyo ni ya kweli. Teknolojia yenyewe inafanya kazi, na kwa barabara za Afrika Mashariki ina maana kubwa kuliko hata kwa barabara za Ujerumani. Lakini wanunuzi wengi wanaiua siku ileile ya kuifunga, kwa sababu wanaifunga pamoja na springi fupi ili gari likae chini. Shokapu inayoongozwa na kompyuta hutumia vizuri nafasi iliyopo kati ya gurudumu na bodi. Haiwezi kuiongeza hata kwa milimita moja. Anayelishusha gari kisha akalifungia shokapu za gharama hiyo amelipia akili na kuinyima uwanja wa kufanyia kazi.

Kuielewa hoja hii kunaanza na kazi ya shokapu. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu inaizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kubonyezwa, kwa kuyasukuma mafuta yapite kwenye matundu madogo na kuugeuza mwendo kuwa joto. Tatizo ni kwamba kuna miendo miwili inayodai mambo tofauti. Bodi ya gari hupanda na kushuka polepole, mara moja au mara moja na nusu kwa sekunde, na ili itulie inataka shokapu ngumu. Gurudumu lenyewe hutetemeka kwa kasi zaidi, mara 10 hadi 15 kwa sekunde, na likikutana na changarawe au lami iliyochanika linataka liachiwe. Katikati yumo abiria, ambaye mwili wake unasumbuliwa zaidi na mitetemo ya juu na chini ya kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Shokapu ya kawaida ina mpangilio mmoja wa matundu na vali kwa mambo yote hayo. Mhandisi anayeipanga analazimika kuchagua wa kumridhisha, na kwenye gari la michezo mara nyingi anayeshinda ni dereva kwenye kona, wakati anayelipa ni aliyekaa kiti cha nyuma.

Mwaka 1974 mhandisi Dean Karnopp na wenzake wawili walichapisha nchini Marekani wazo lililokuja kuwa msingi wa karibu mitambo yote tunayoizungumzia. Tuchukulie, walisema, kwamba bodi ya gari imefungiwa shokapu kwenye anga lisilotikisika badala ya kufungiwa kwenye gurudumu. Shokapu ya namna hiyo haipo, lakini inaweza kuigizwa: kila wakati kompyuta iulize kama kukaza shokapu sasa hivi kutaituliza bodi au kutaisukuma. Ikiwa kutaituliza, ikaze. Ikiwa kutaisukuma, ilegeze. Uzuri wa wazo hili ni kwamba halihitaji pampu wala nguvu kubwa ya kuinua gari, kwa kuwa shokapu inaendelea na kazi yake ya kupoteza nishati. Kinachoongezeka ni uwezo wa kuchagua ni lini ipoteze nyingi na ni lini ipoteze kidogo.

Wajapani waliingiza shokapu zinazobadilishwa kwa umeme kwenye magari ya kuuzwa mapema. Toyota Soarer ya mwaka 1983 ilikuja na TEMS, mfumo uliotumia mota ndogo juu ya kila shokapu kugeuza kijiti kinachobadili ukubwa wa tundu la mafuta. Hatua kubwa iliyofuata ilikuwa ya 2002, pale Cadillac Seville STS ilipotoka na MagneRide, iliyotengenezwa na Delphi. Humo mafuta yenyewe yana chembechembe za chuma. Pistoni ina koili, na umeme ukipita chembe hizo hujipanga na mafuta yakawa mazito mara moja. Hakuna vali inayosogea, na mfumo unaweza kubadili uamuzi wake hadi mara 1,000 kwa sekunde. Mei 2008, John Heinricy aliiendesha Cadillac CTS-V yenye shokapu hizo kwenye mzunguko wa Nürburgring, kilomita 20.8 za kona, mabonde na miinuko, kwa dakika 7 na sekunde 59.32. Lilikuwa gari zito la milango minne lenye giabox ya otomatiki. Nguvu ya injini ilichangia sana, na hakuna anayeweza kuzipa shokapu sifa yote ya muda ule. Hata hivyo, gari lilelile lilikuwa likiuzwa kama gari la starehe la kupeleka watoto shule, na hapo ndipo shokapu zilipostahili sifa: kasi ile haikununuliwa kwa kuwatesa abiria. Tena gari lilikwenda kwa kimo kilichopangwa na kiwanda, likiwa na nafasi yake yote ya kubonyea.

Bidhaa zinazouzwa kwa mwenye gari leo zinagawanyika katika koo tatu, na ni muhimu kuzitofautisha kwa sababu wauzaji wanazitaja kwa jina moja. Ukoo wa kwanza ni wa shokapu kamili zenye vali ya umeme ndani, zinazochomekwa kwenye soketi za kiwanda na kupokea amri kutoka kwenye kompyuta iliyokuwemo garini. DampTronic na DDC za kuchomeka zimo humu. Ukoo wa pili ni wa mota zinazofungwa kwenye shokapu yenye kirekebishi cha kawaida, kama EDFC ya Tein. Kwa kanuni hii ni jamaa ya karibu ya TEMS ya 1983, ingawa matoleo ya baadaye yanaamua yenyewe kwa kusoma mwendo wa gari na nguvu ya kona au breki. Ukoo wa tatu hauongezi shokapu yoyote: unabadili akili tu. Dinan ya Marekani iliuza programu mpya kwa ajili ya shokapu za umeme za BMW, na TPC Racing inauza kompyuta ya DSC Sport inayochukua nafasi ya ile ya kiwanda kwenye Porsche, Nissan GT-R na magari mengine. Huu wa tatu ndio unaozungumziwa kidogo zaidi, na kwa mtu ambaye shokapu zake za kiwanda bado nzima ndio ninaoupa heshima kubwa, kwa kuwa unaboresha gari bila kugusa kimo chake.

Tofauti ya koo hizo inaonekana wazi gari likikanyaga tuta. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari hutembea karibu mita 17 kwa sekunde. Likiwa na mita 2.8 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, tairi la nyuma litalifikia tuta sekunde 0.17 baada ya la mbele. Vali ya umeme inayojibu ndani ya sekunde 0.01 inafunguka gari likiwa limesogea sentimita 17 tu, yaani tairi la mbele likiwa bado linapanda tuta lilelile. Na wakati la nyuma linafika, kompyuta ina muda wa kutosha kujiandaa. Mota inayozungusha kijiti haina wepesi huo, wala mtambo wake hauna kipimo kwenye kila gurudumu cha kuuambia kwamba la kushoto mbele limeingia shimoni. Kazi yake nzuri ni ya polepole: kukaza gari zima linapoongeza mwendo kwenye barabara kuu, kulilegeza linaporudi mjini, kukaza mbele dereva anaposhika breki. Ni faida halisi, na kwa bei yake si ya kudharauliwa. Lakini mnunuzi asidhani amenunua kitu kinachoona kila jiwe.

Sasa turudi kwenye kimo, kwa kuwa ndipo pesa zinapopotea. Tuseme gari likiwa limesimama springi yake ina sentimita 8 za kubonyea kabla ya kukifikia kile kipira cha kikomo kilicho kwenye shokapu. Ukilishusha sentimita 4, na wapo wanaolishusha zaidi ya hapo, imebaki nusu. Hesabu ya springi haina huruma hapa. Nishati ambayo springi inaweza kuimeza inakua kwa mraba wa umbali inaobonyezwa. Kwa hiyo ili pigo lilelile limezwe ndani ya nusu ya umbali, springi lazima iwe ngumu mara 4. Springi ngumu mara 4 inaifanya bodi itikisike mara 2 zaidi kwa sekunde: kutoka, tuseme, mara 1.2 hadi mara 2.4, mwendo unaokaribia eneo ambalo mwili wa binadamu unalichukia. Hakuna muuzaji anayethubutu kuuza springi ya namna hiyo kwa gari la barabarani, kwa hiyo zinauzwa springi zilizoongezwa ugumu kidogo tu, na tofauti inalipwa na kipira. Gari linagonga kikomo kwenye matuta ambayo zamani lilikuwa likiyameza. Na kipira kikishashika, nguvu inayoinua bodi inatoka kwenye mpira, haitoki kwenye vali. Kompyuta inaweza kuifungua vali yote ipendavyo, abiria atarushwa vilevile.

Mifumo iliyotengenezwa vizuri inalijua tatizo hili, na ndiyo maana inakaza shokapu gurudumu linapokaribia mwisho wa safari yake. Kwenye gari lenye kimo cha kiwanda jambo hilo hutokea mara chache. Kwenye gari lililoshushwa hutokea kila mara, kwa sababu mwisho wa safari uko karibu kila mara. Matokeo yake ni gari ambalo kwenye dashibodi limeandikwa laini lakini chini linaishi kwenye ugumu. Mwenye gari amelipia hali mbili au tatu na kila siku anatumia moja, ileile ambayo shokapu ya kawaida ya michezo ingempa kwa sehemu ndogo ya bei.

Kuna hasara ya pili ambayo haionekani kwa macho. Ugumu wa shokapu hupangwa kwa kuangalia ugumu wa springi na uzito inaoubeba. Ukibadili springi peke yake umevuruga uwiano. Springi iliyoongezwa ugumu kwa asilimia 30 inadai shokapu yenye nguvu zaidi kwa takriban asilimia 14 ili gari litulie kama mwanzo. Kompyuta ya kiwanda haijui kwamba springi zimebadilishwa. Jedwali lake la maamuzi lilitengenezwa kwa springi za zamani, na kwenye hali laini gari litaanza kuyumba kama boti. Zaidi ya hapo, magari mengi ya aina hii yana vijiti vya kupima kimo karibu na magurudumu. Gari lililoshushwa bila vipimo hivyo kupangwa upya linaiambia kompyuta kwamba limebeba mizigo muda wote, na mara nyingine hata mwanga wa taa za mbele unaelekezwa vibaya. Fundi anayefunga seti na kukabidhi gari bila kuchomeka mashine ya kupimia hajaimaliza kazi.

Wapenzi wa magari yaliyoshushwa wana jibu, na linastahili kusikilizwa. Wanasema kimo kidogo kinashusha kitovu cha uzito, gari linalala kidogo kwenye kona na linakamata barabara vizuri zaidi. Kwa sehemu ni kweli. Ikiwa kitovu cha uzito kiko sentimita 55 kutoka ardhini, kukishusha sentimita 4 kunapunguza uzito unaohamia matairi ya nje ya kona kwa takriban asilimia 7, na kwenye mashindano asilimia 7 ni kubwa. Lakini saluni nyingi za michezo, M3 na WRX STI zikiwemo, zina mfumo wa MacPherson mbele, ambamo shokapu yenyewe ndiyo nguzo inayoshikilia gurudumu. Ukilishusha gari la namna hiyo, mkono wa chini unaanza kuinuka kuelekea kwenye gurudumu, na ile nukta ambayo bodi hulalia inashuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka, na bodi inapata nguvu zaidi ya kulala. Springi ngumu zinaficha jambo hilo, na halisemwi dukani. Viwanda vinavyotaka kweli kulishusha gari hubadili pia maungio ya mikono hiyo. Anayebadili springi tu amenunua sura.

Pingamizi lingine linatoka kwa watu wa mbio, na lina uzito zaidi: shokapu ya kawaida iliyopangwa vizuri inatosha, wanasema, na magari ya mashindano mengi hayana kompyuta kwenye shokapu. Hapo lazima tukumbuke sababu. Mwaka 1987 Ayrton Senna alishinda Monaco na Lotus yenye suspensheni inayoongozwa na kompyuta, na 1992 Nigel Mansell alitwaa ubingwa wa dunia na Williams FW14B ya namna hiyo. Ilipofika 1994 mitambo hiyo ilikuwa imepigwa marufuku kwenye Formula 1. Haikuondoka kwa kushindwa. Iliondolewa kwa kanuni. Pamoja na hayo, hoja yao ina ukweli kwa anayeendesha mahali pamoja. Uwanja wa mbio una lami ileile kila mzunguko, na shokapu moja inaweza kupangwa kwa ajili yake. Barabara zetu ni kinyume chake kabisa. Kwenye safari moja ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro dereva anapita lami laini, sehemu zilizoachwa na mabonde ya magurudumu ya malori, matuta ya vijijini, na vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo vinavyotikisa gari zima. Hakuna mpangilio mmoja wa matundu unaoweza kuzihudumia zote. Ndiyo sababu nasema kwamba shokapu zinazojibadili zina kazi kubwa zaidi hapa kuliko kwenye barabara kuu za Ujerumani, mradi tu ziachiwe nafasi.

Pingamizi la gharama na matengenezo ndilo ninalolikubali kwa sehemu kubwa. Seti nzuri inaweza kufika maelfu kadhaa ya dola kabla ya ushuru, na vali ya umeme iliyokufa haifufuliwi kwa kujaza mafuta. Magari mengi ya namna hii yanafika kwetu yakiwa yametumika: Kenya inapokea yasiyozidi miaka 8, na nchi jirani hupokea ya umri mkubwa zaidi. Baadhi ya Toyota Crown Athlete na Mark X zilizoletwa kutoka Japani zina AVS, mfumo wa kiwanda wa shokapu zinazojibadili, na wenyewe hawajui mpaka shokapu moja inapovuja na bei ya mpya kuwashtua. Ndipo zinafungwa za kawaida, waya unafungwa kwa utepe, na taa ya tahadhari inabaki ikiwaka. Kubadili kwenda shokapu za kawaida ni uamuzi halali kwa mtu mwenye bajeti ndogo, lakini ufanywe kwa utaratibu: zibadilishwe zote 4, na viwepo vifaa vya kuiambia kompyuta kwamba mfumo umeondolewa, ambavyo watengenezaji kama KW huviuza. Shokapu mbili za umeme upande mmoja na mbili za kawaida upande mwingine ni hatari kwenye breki ya ghafla.

Gari la umri huo lina deni jingine la kulipwa kwanza. Bushi zilizopasuka, boljointi zenye mchezo, na matairi yaliyokauka huleta miendo ambayo shokapu haiwezi kuitawala, kwa sababu inatokea pembeni yake. Mtu aliyefunga seti mpya juu ya bushi zilizokufa atasikia mlio uleule na kuilaumu seti. Alaimenti nayo ipimwe baada ya kazi, si kabla.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayepanga kutumia pesa zake ni huu. Anza na bushi, boljointi na matairi. Ikiwa gari lako lilitoka kiwandani na shokapu za umeme na bado ni nzima, tafuta programu au kompyuta bora kabla ya kutafuta chuma kipya. Ikiwa zimechoka, nunua zinazochomekwa mahali pa zile za zamani na ubaki na springi za kimo cha kiwanda. Ukiwa na gari lisilo na mfumo huo, mtambo wa mota kama EDFC utakupa sehemu nzuri ya faida, kwa sharti kwamba kimo cha shokapu zake kipangwe kiwe kile cha mwanzo. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: baada ya kufunga, zitabaki sentimita ngapi kabla ya kipira cha kikomo, gari likiwa na watu wanne na mizigo? Akikosa jibu, usimpe pesa zako.